Dimebag Darrell: Msee wa Texas Aliyefanya Ampu ya Transista Ingurume Kama Simba

Kama umewahi kushika gitaa ya umeme kanisani ama kwa bendi ya mtaa, hii ngori unaijua. Ampu iliyoko ni ya transista, ju ndiyo bei inaeleweka. Halafu anatokea mjuaji mmoja anakushow hiyo kitu ni takataka, sauti nzito ya ukweli inatoka kwa ampu za valvu pekee, zile za bei ya pikipiki. Unarudi hao ukijiona umefeli kabla hata hujapiga noti.

Sasa cheki. Mmoja wa wapiga gitaa wazito kuwahi kutokea kwa metal alijenga jina lake lote juu ya hizo transista. Jina lake la kuzaliwa ni Darrell Lance Abbott. Dunia ilimjua kama Dimebag Darrell wa Pantera.

Alizaliwa Agosti 20, 1966, huko Texas, Marekani, na akakulia mji wa Arlington. Mzae wake, Jerry Abbott, alikuwa mtunzi na prodyusa wa country, ile ile muziki mzazi wako hufungulia Jumapili asubuhi akipiga pasi, na alikuwa na studio inaitwa Pantego Sound. Kwa hivyo huyu kijana alikuwa anaona kazi ya kurekodi ikifanyika live, na wapiga gitaa wa ukweli wakiingia na kutoka.

Akiwa na miaka 12 hivi alipata gitaa yake ya kwanza, kopi ya Les Paul, na kaampu kadogo kanaitwa Pignose. Hako ni ka transista, kanatumia betri. Mwanzoni hata hakuwa anapiga. Alikuwa anajipaka rangi usoni kama Ace Frehley wa Kiss, anasimama mbele ya kioo na gitaa, anapiga mapozi tu. Usicheke, wewe pia ulikuwa unaimba na chanuo.

Lakini alipoanza kupiga, alianza kweli. Akiwa bado tineja alikuwa anaingia mashindano ya gitaa pande za Dallas na kushinda mpaka ikawa noma kwa wengine. Mwishowe ikabidi awekwe jaji, wasee wengine nao wapate nafasi. Moja ya zawadi alizoshinda ilikuwa gitaa ya Dean ML, ile yenye umbo la ajabu kama ndege ya vita. Baadaye akaiuza ndio anunue gari, Pontiac Firebird. Gitaa ikazunguka ikaangukia fundi anaitwa Buddy Blaze, akaichora radi za bluu, akaitengeneza upya, halafu akamrudishia mwenyewe. Ndiyo hiyo unaona kwa picha zake nyingi.

Pantera ilianza 1981, yeye na bro wake mkubwa Vinnie Paul kwa ngoma. Rex Brown akawa wa besi. Miaka hiyo ya kwanza ilikuwa nywele za kupulizwa na suruali za kubana, na Darrell alikuwa anajiita Diamond. Albamu nne zilitoka kwa njia hiyo na huko nje wengi hawakuskia. Mwimbaji Phil Anselmo alikuwa ashaingia kabla ya ile ya nne, mitindo ikabadilika, na 1989 ikaja ofa ya kuchanganya mtu: Dave Mustaine wa Megadeth alimtaka Darrell ajiunge nao. Fikiria, Megadeth tayari ni jina kubwa, wewe bado uko Texas unapiga klabu. Darrell akasema sawa, lakini lazima Vinnie naye aingie. Megadeth walikuwa washapata mpiga ngoma. Basi akakataa, akabaki na bro wake. Mwaka uliofuata, 1990, Pantera wakatoa Cowboys from Hell na stori ya nywele ikaisha.

Sasa tuingie kwa mashine, ju hapa ndipo mjuaji wako anafaa asikize.

Sauti ni wimbi. Ukiisukuma kupita uwezo wa ampu, vichwa vya wimbi vinakatwa, na huko kukatwa ndiko tunaita distoshoni. Valvu inakata kistaarabu, kichwa kinabaki kimeviringika, na sikio linaskia joto. Transista haina hiyo adabu. Inakata bapa, kama kinyozi amekosa mkono, na kinachotoka ni ukali, wakati mwingine kama nyuki ameingia kwa kopo. Hiyo ndiyo sababu watu huzidharau, na si uongo.

Lakini transista iko na kitu kingine. Ukipiga noti nzito kwa ampu nyingi za valvu, umeme ndani unalegea kidogo, na noti inakuwa laini. Kwa transista hailegei. Unapiga, inapiga, unanyamaza, inanyamaza. Kwa muziki wa kina Pantera, ambapo gitaa na teke la ngoma vinatua pamoja kama msumari na nyundo, hiyo ndiyo ilikuwa mali. Darrell alitaka huo ukali. Ampu yake ilikuwa Randall RG100ES, wati 100, transista mtupu, na aling'ang'ania Randall miaka mingi wakati mastaa wenzake walikuwa wanapanga Marshall za valvu kama ukuta.

Ila hakuchomeka waya tu akaomba Mungu. Kwa gitaa aliweka pikapu ya Bill Lawrence L-500XL (pikapu ya gitaa, si ile ya kubeba ndizi), yenye nguvu sana na inayoskika safi hata distoshoni ikiwa nyingi. Kabla ya ampu aliweka ikwalaiza, moja ya Furman na ingine ya bluu ya MXR. Hapo ndipo wengi hupotea. Ikwalaiza yake haikuwa ya kuremba sauti baadaye. Ilikuwa inaamua ni sehemu gani ya sauti itaingia kwa ampu ikiwa na nguvu, na kwa hivyo ni sehemu gani itakatwa zaidi. Besi ikiingia nyingi kabla ya distoshoni, kila kitu kinakuwa matope. Ukiipunguza huko mbele, unaweza kuirudisha kwa ampu yenyewe bila kuharibu.

Halafu kulikuwa na mashine ya kuzima kelele. Ukiongeza geini hivyo, ukiacha kupiga ampu inalia shhhh kama redio imepoteza stesheni. Hiyo mashine inafunga mlango mara tu nyuzi zikinyamaza. Skiza Walk, albamu ya 1992 ya Vulgar Display of Power. Uzito wa hiyo ngoma uko kwa ule unyamavu katikati ya mapigo, na unyamavu huo ni safi kabisa.

Kwa hivyo wewe na kaampu kako, shusha geini chini ya pale moyo unataka. Usifute midi yote ju umeona picha ya visu vyake zikiwa zimepinduliwa. Ukicheza na bendi utapotea kabisa. Acha distoshoni itoke kwa pedali ama mwanzo wa ampu, na usisukume volyumu mpaka ile hatua ya mwisho ya transista ianze kukata yenyewe, hapo ndio nyuki wanaingia. Na kama spika ni ya inchi sita, unganisha na kabati kubwa ukipata, ampu ile ile itakushtua.

Far Beyond Driven ilitoka Machi 1994, ikaingia chati ya Billboard 200 moja kwa moja namba moja. Metal ya ukali ule, kwa ampu iliyodharauliwa. Cha kuchekesha, mwaka wake wa mwisho Darrell mwenyewe aliachana na Randall akahamia Krank, ampu za valvu. Mimi naona alikuwa tu anatafuta kitu kipya, ju sauti iliyomtambulisha ilikuwa ishaingia kwa rekodi.

Pantera ilivunjika 2003 kwa vita vya maneno. Yeye na Vinnie wakaanzisha Damageplan, wakarudi tena kwa klabu ndogo. Desemba 8, 2004, huko Columbus, Ohio, kwa klabu ya Alrosa Villa, shoo ilikuwa imeanza tu wakati mwanaume mmoja alipanda jukwaani na bunduki. Darrell alikufa hapo hapo, miaka 38. Wengine watatu pia waliuawa kabla polisi kumpiga risasi muuaji. Vinnie alikuwa nyuma yake kwa ngoma, na alitoka mzima.

Walimzika Arlington ndani ya jeneza la Kiss. Alikuwa amemwomba Eddie Van Halen amtengenezee kopi ya ile gitaa yake nyeusi na njano, ile iko kwa kava ya nyuma ya Van Halen II. Eddie akaleta ile ya ukweli, ikaingia kaburini naye. Vinnie alifariki Juni 2018, na akazikwa kando yake.