Hugo de Vries na Kiu ya Mimea

Wengi wetu tumelisoma jina la Hugo de Vries katika somo la viumbe, pale zinapotajwa sheria za urithi za Mendel, kisha likaachwa hapo hapo. Mimi napenda kumweleza kwa kazi yake ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayomhusu zaidi mkulima wa nchi za joto: kwa nini mmea hunyauka, na kwa nini chumvi huuua hali maji yako shinani pake.

Alizaliwa Haarlem, katika nchi ya Uholanzi, tarehe 16 Februari 1848. Waholanzi ni watu wa kugombana na bahari. Alipokuwa na umri wa miaka 4 tu, ziwa kubwa lililokuwa karibu na mji wao lilimalizwa kukaushwa kwa pampu za mvuke, na sakafu yake ikawa mashamba. Tangu utoto alipenda kuchuma na kukausha mimea. Akasoma Leiden, akapata udaktari wa elimu mwaka 1870, kisha akaenda Ujerumani kwa mwalimu mkuu Julius Sachs.

Mwaka 1877 alitoa habari za jaribio ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya. Alichukua mashina mabichi yanayokua, akayapima, akayatia katika maji ya chumvi, sehemu 10 kwa 100. Mashina yakalegea na kufupika. Alipoyarudisha katika maji matamu yakarefuka tena. Basi akajua kwamba kinachousimamisha mmea mchanga ni maji yanayoisukuma kuta za seli kutoka ndani, kama pumzi ndani ya mpira. Chumvi iliyo nje ikizidi nguvu, huyavuta maji hayo yatoke, na utando wa ndani ya seli hujitenga na ukuta wake. Tendo hilo alilipa jina la plazimolisi.

Ili aone vizuri alitumia jani la mmea wa Amerika ya joto, kijani juu na zambarau chini, ambao siku hizi hupandwa sana kandokando ya njia za bustani. Zambarau ile ni maji ya seli yenye rangi. Tuliubandua utando wake tukauweka chini ya hadubini pamoja na tone la chumvi ya Katwe, nasi tukaiona rangi ikijikunja katikati ya seli kama mtu anayesikia baridi. Sisi wa pande za Kasese hatukushangaa sana. Kando ya ziwa la Katwe watu huvuna chumvi, hawavuni maharage.

Mwaka 1884 de Vries alikwenda mbali zaidi, akapima nguvu ya kila kitu kiyeyukacho. Chembe moja ya shura ilivuta maji kwa nguvu ya 3, ya sukari kwa 2. Kwa hesabu yake, kijiko cha chumvi ya kula huyavuta maji karibu mara 9 kuliko kijiko cha sukari chenye uzito ule ule. Ndiyo maana chumvi kidogo tu udongoni ni adui mkubwa. Siku moja njiani Amsterdam alimweleza rafiki yake van 't Hoff majaribio ya namna hii yaliyofanywa na Pfeffer. Van 't Hoff akayafanyia hesabu zilizochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia, mwaka 1901. Mholanzi mwingine, Hamburger, akaijaribu njia ya de Vries kwa chembe za damu, na kutokana na elimu hiyo hospitali zinajua kiasi cha chumvi cha kutia katika maji ya dripu.

Wataalamu waliofuata wameona jinsi mimea inavyojitetea. Mgomba ukikosa maji hukunja majani yake kufuata uti wa kati na kufunga vitundu vyake vya kupumulia, hivyo hukaa kijani lakini haukui, na mkungu huwa mdogo. Mikoko na minazi huvumilia chumvi. Mpunga huteseka hasa ungali mche na tena wakati wa kuchanua. Lakini ule wa Pokkali, wa Kerala katika India, huizuia chumvi nyingi isifike majanini. Mimea mingine hutengeneza sukari na prolini ndani ya seli, ili mvuto wa ndani ushinde wa nje. Hii ni mizani ile ile ya de Vries.

Baadaye aliiacha kazi hii akafuata urithi. Mwaka 1900 alizitangaza upya sheria za Mendel, na katika taarifa yake moja ya Kifaransa hakumtaja Mendel hata kidogo, jambo ambalo Correns hakulipenda, wala mimi silipendi. Nadharia yake kwamba aina mpya za viumbe huzuka ghafula, iliyompa sifa duniani, imekataliwa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ua alilolitegemea lilikuwa na tabia za pekee. Ile ya maji na chumvi ingali imesimama.

Alistaafu mwaka 1918, akahamia kijiji cha Lunteren, akaendelea kupanda maua yake na kuyahesabu mpaka alipofariki tarehe 21 Mei 1935, akiwa na umri wa miaka 87.