Bwanikwa, mama aliyejinunua mwenyewe

Mara hii hatuandiki juu ya mfalme ao jemadari. Tunaandika juu ya mama mmoja wa Kiluba, jina lake Bwanikwa.

Alizaliwa zamani, mbele ya Wazungu kushika Katanga. Alipokuwa angali mtoto, muke mukubwa wa baba yake alikufa. Kwa desturi ya wakati ule, jamaa ya marehemu wakadai watumwa kuwa malipo ya kifo. Bwanikwa akahesabiwa katika malipo yale. Hakukosa neno lolote, lakini alitolewa sawa mbuzi.

Toka siku ile alipita mikono kwa mikono. Inchi ilikuwa chini ya Msiri, aliyekaa Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo letu la Lualaba. Shaba, pembe za ndovu na watu, vyote viliuzwa pale na kupelekwa mupaka pwani. Bwanikwa alikimbia, akauzwa tena. Hesabu yote ni mara kumi! Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa, lakini utumwa haukufa pamoja naye.

Mwisho akanunuliwa na Wafwilwa, akawa muke wake. Walikaa karibu na wamisionari Waprotestanti, upande wa ziwa Mweru na mto Luapula. Pale kulikuwa na amani. Wengine wangesema: basi, yamekwisha. Lakini yeye moyoni alijua kwamba hata muke anayetunzwa vizuri, kama alinunuliwa, ni mtumwa bado. Akafanya kazi kwa mikono yake, akaweka kidogo kidogo, mupaka akapata bei ile ile. Akamulipa bwana yake. Hakumuacha, alibaki naye, lakini sasa kwa kupenda mwenyewe.

Kisha akafanya jambo la pili. Alieleza maisha yake yote kwa mmisionari Dugald Campbell, bila kuficha yale ya aibu, na mwaka 1916 habari zake zikatoka katika kitabu.

Sisi wa Kolwezi tunajua kilio. Nyumba zetu zinakumbuka vita ya Mei 1978, zinakumbuka jirani waliofukuzwa mwaka 1992 na 1993, na vijana waliofunikwa na udongo katika shimo za madini. Hata hapa masomoni yuko mwenzetu anayekaa nyuma ya darasa, hasemi, hacheki. Mara nyingi tunamwambia asahau tu. Tunakosea. Bwanikwa hakusahau hata mara moja kati ya zile kumi. Alipona kwa kufanya kazi yenye faida kwake, na kwa kusema mbele ya mtu aliyekubali kusikia.

Basi, yule mwenzetu tumupe nafasi ya kazi pamoja nasi. Na siku atakapofungua kinywa, tunyamaze, tumusikilize mupaka mwisho.