Padre Balley na Mwanafunzi Aliyeshindwa na Kilatini

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, alikuwa mzito darasani. Alizaliwa Dardilly, Ufaransa, mwaka 1786, akaanza masomo ukubwani, na Kilatini kikamshinda hata akaondolewa seminari ya Lyon. Wengi wetu hapo tungefunga mizigo. Lakini Padre Charles Balley, paroko wa Ecully, alizidi kumtia moyo kwa maneno ya upole, akamfundisha upya, tena akaenda kumsemea kwa wakubwa wa jimbo. Vianney akapewa upadre Grenoble tarehe 13 Agosti 1815. Balley alifariki 1817. Mwaka uliofuata Vianney alitumwa Ars, kijiji kidogo, na huko akaketi katika kiti cha maungamo hadi saa 16 kwa siku, akiwapokea watu waliokwisha kujikatia tamaa.