Tabibu wa Thogoto na Neno Kujitolea

Kila muhula wapo wanafunzi wangu wanaoniomba ruhusa ya kukosa mhadhara ili waandamane na madaktari waendao mashambani kuwatibu watu bila malipo. Ruhusa huwapa, ila huwataka kwanza wasome maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kazi kama hiyo karibu na hapa Kinoo ninakoishi. Mtu huyo ni Daktari John William Arthur.

Alizaliwa mwaka 1881, akasomea utabibu Glasgow, akawasili Kikuyu Januari 1907 kuitumikia misheni ya Kanisa la Uskoti. Kituo chenyewe ni Thogoto, jina ambalo si jingine ila lile la Uskoti lililotiwa katika matamshi ya Kigikuyu. Mkuu wa misheni, Henry Scott, alipofariki mwaka 1911, Arthur alishika nafasi yake, na mwaka 1915 akatawazwa kasisi. Tangu hapo mkono mmoja ulishika kisu cha upasuaji na wa pili Biblia, na mgonjwa hakuweza kuupokea mmoja bila kuuona wa pili.

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwakusanya vijana kwa nguvu wakabebe mizigo ya jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Maelfu kwa maelfu waliangamia, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Mtaa wa Kariakor jijini Nairobi umelihifadhi jina la kikosi hicho cha wapagazi. Arthur, akihofu kwamba waumini wake nao wangesombwa, aliunda kikosi cha watu wa misheni, karibu 2,000, akakiongoza mwenyewe kwa cheo cha kapteni na kuviangalia vyakula na afya zao. Waliokufa walikuwa wachache wakilinganishwa na wapagazi wengine. Kikosi hicho kiliitwa cha watu waliojitolea, na hapa mwanaisimu hana budi kusita. Kitenzi hiki kina kiambishi ji, kinachoonyesha kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja. Je, kijana aliyepewa hiari ya kwenda na daktari ama kukamatwa na askari, alijitoa au alitolewa? Mimi naona alitolewa, japo na mtu aliyempenda.

Mwaka 1929 mambo yaliharibika. Kama tabibu, Arthur aliyajua madhara ya tohara ya wasichana, na katika hilo hakukosea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Lakini hakutosheka kufundisha. Waumini walitakiwa watie sahihi au alama ya kidole kuikana tohara hiyo, na papo hapo kuukana uanachama wa Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai ardhi iliyonyang'anywa, na ambacho katibu wake, Jomo Kenyatta, alikuwa amesomeshwa Thogoto papo hapo. Alama hiyo ya kidole iliitwa kirore, na jina hilo likawaganda walioitia. Waliokataa wakaitwa aregi. Kwa kuyafunga mambo mawili katika karatasi moja, Arthur aliwafanya wengi waamini kwamba kuitetea ardhi ni kuitetea tohara. Watu wakayahama makanisa na shule za misheni, wakaanzisha shule zao huru. Wimbo wa Muthirigu, uliomdhihaki yeye na wenzake, ukaenea vijijini mpaka serikali ikaupiga marufuku. Mwaka huo huo alijiuzulu katika Baraza la Utendaji la gavana, alimokuwa ameteuliwa kuyatetea maslahi ya Waafrika. Kazi nyingine, tuseme, aliyojitolea bila ya Mwafrika yeyote kuulizwa.

Aliondoka Kenya mwaka 1937, akafariki mwaka 1952. Hospitali ya Kikuyu ingali inatibu, na wapo wazee wa huku ambao wazazi wao waliokolewa na mikono yake.

Mwanafunzi wangu mmoja aliporudi kutoka kijiji cha mbali alinisimulia kwa mshangao juu ya ajuza mmoja. Kabla ya kukubali kupimwa, ajuza huyo alitaka kwanza aambiwe ni wapi atatakiwa kuweka kidole.