Mekatilili wa Menza: Mjane aliyewafanya Waingereza walipue msitu

Agosti 1914, wakati Vita Kuu ya Kwanza inaanza Ulaya, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipeleka baruti kwenye msitu mmoja wa pwani ya Kenya. Ndani hakukuwa na mizinga wala jeshi la adui. Kulikuwa na miti mikubwa, makaburi ya wazee wa zamani na nyumba chache za nyasi.

Msitu huo ni Kaya Fungo, moyo wa Wagiriama. Na ukitafuta sababu ya kulipuliwa kwake, utakutana na jina la mama mmoja mjane: Mekatilili wa Menza.

Wakenya wengi wanamjua kama shujaa aliyepigana na mkoloni. Lakini kuna upande wa habari yake ambao hausemwi sana. Silaha yake kubwa ilikuwa msitu.

Mnyazi, mama wa Katilili

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, kwa desturi ya Wagiriama ya kumwita mama kwa jina la mtoto wake. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa msichana, ndugu yake Mwarandu alikamatwa na wafanyabiashara wa utumwa na hakuonekana tena. Watu wa kwao wanaamini kidonda hicho ndicho kilichomfanya asivumilie baadaye alipoona vijana wakichukuliwa kwa nguvu.

Aliolewa, akazaa, mumewe akafariki. Kwa Wagiriama wa wakati ule, mjane mtu mzima alikuwa na nafasi ambayo mke kijana hakuwa nayo. Angeweza kusafiri kijiji hadi kijiji na kusema mbele za watu bila kuomba ruhusa. Nafasi hiyo aliitumia sawasawa.

Kaya ni nini hasa?

Wagiriama ni moja ya jamii 9 za Mijikenda. Masimulizi yao yanasema wazee wao walitoka Singwaya, kaskazini, wakajificha kwenye misitu minene ya vilima vya pwani. Kila jamii ilijenga kijiji chake katikati ya msitu na kukiita kaya. Ardhini walizika fingo, kinga ya jamii nzima.

Msitu wa kuzunguka kaya ulikuwa na miiko yake. Hukati mti. Huchungi mbuzi. Hupiti nje ya njia zilizowekwa. Mizimu iko pale, na kambi, yaani baraza la wazee, ndiyo yenye kusimamia. Mvua ikikosekana, wazee huingia kaya kuiomba. Akili yake ni rahisi: ukiuharibu msitu, unajiharibia mvua, shamba na watoto wako.

Lakini kufikia mwanzo wa karne ya 20, Wagiriama wengi walikuwa wameshahama. Walitawanyika kuelekea mto Sabaki wakitafuta mashamba mapya na biashara, na Kaya Fungo ikabaki karibu tupu. Waliobaki ni wazee wachache wa kutunza mila.

Kodi, vibarua na kuku

Waingereza walikuja na madai yao. Walitaka kodi ya nyumba. Walitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Walitaka Wagiriama wahame ukingo wa kaskazini wa Sabaki, kwenye ardhi nzuri kabisa ya kilimo. Kazi ya kuyatekeleza hayo alipewa ofisa mmoja kijana, Arthur Champion.

Mekatilili akaanza kuzunguka vijijini. Alitumia kifudu, ngoma ya matanga, kukusanya watu, na ngoma ikishakolea ndipo anazungumza.

Kisa kinachopendwa sana ni cha mkutano wa Agosti 1913 mbele ya Champion. Inasimuliwa kuwa alileta kuku mwenye vifaranga, akamtaka ofisa achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Somo likaeleweka hata na mtoto: hivi ndivyo itakavyokuwa ukigusa wana wetu.

Kuwarudisha watu msituni

Hatua yake kubwa zaidi haikuwa ya kuku. Mwaka huo huo wa 1913, akiwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwaita Wagiriama warudi Kaya Fungo, msitu ambao wengi wao walikuwa wameusahau.

Watu wakaja kwa wingi. Ndani ya kaya wakaapishwa: wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Aliyeapa hatamfanyia kazi mzungu, hatamlipa kodi, hatamtii kiongozi aliyewekwa na serikali. Akivunja, kiapo kitamla.

Matokeo yakaonekana mara moja. Champion hakupata vibarua wala kodi, na viongozi aliowateua walibaki na vyeo visivyo na watu nyuma yake.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje wakakamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya. Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka na kurudi kwao, safari ya mamia ya kilomita, sehemu kubwa kwa miguu, katika nchi wasiyoijua. Na huyu hakuwa kijana tena.

Hapo ndipo Waingereza walipoona kwamba kumfunga mtu hakutoshi. Baruti ikaletwa, kaya ikalipuliwa na nyumba zake kuchomwa.

Vita na kurudi

Badala ya kuwanyamazisha Wagiriama, mlipuko ule uliwasha vita. Askari wenye bunduki walipambana na watu wa mishale. Wengi waliuawa, maelfu ya nyumba yakachomwa na mbuzi kwa maelfu wakachukuliwa. Wagiriama wakatozwa faini kubwa na kuamriwa wahame kaskazini mwa Sabaki. Mekatilili alikamatwa tena na kurudishwa uhamishoni.

Aliachiliwa mwaka 1919. Kufikia wakati huo serikali ilikuwa imelegeza kamba, na Wagiriama wakarudi ng'ambo ya Sabaki. Yeye akarudi kaya ile ile iliyolipuliwa na kuongoza baraza la wanawake, huku Wanje akiongoza la wanaume. Alifariki katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, Magarini. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi.

Miti iliyobaki

Kaya Fungo bado ipo. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya za Mijikenda, maeneo 10 yaliyotapakaa kwenye ukanda wa kilomita 200 hivi, katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kaya Giriama ni mojawapo. Wataalamu wa mimea wamekuta humo miti na mimea adimu iliyokwisha kutoweka sehemu nyingine za pwani. Msitu uliolindwa na miiko ulibaki wakati ule wa pembeni yake ukigeuka mkaa na mbao.

Shida ni kwamba kinga hiyo inachakaa. Mwaka 2009 UNESCO hiyo hiyo iliweka mila za kaya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Vijana wanakwenda mjini, bei ya ardhi inapanda, na wakata miti hawaogopi tena mizimu. Kilifi, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na mgogoro wa shamba. Akiuawa mzee wa kaya, kinachozikwa si mwili peke yake. Anakwenda na majina ya miti, njia za msituni na maneno ya kuombea mvua.

Na mvua yenyewe imekuwa ya kubahatisha. Ganze na Magarini, maeneo yanayohusishwa na maisha na kaburi la Mekatilili, ni kati ya sehemu za Kilifi zinazopigwa na ukame mara kwa mara. Wanasayansi wanazungumzia mabadiliko ya tabianchi, wazee wanazungumzia mizimu iliyokasirika. Kwenye jambo moja wanakubaliana: pasipo miti, udongo haushiki maji.

Mekatilili hakuwahi kulisikia neno tabianchi. Alichojua ni kwamba watu wasio na msitu wao ni rahisi kuhamishwa. Mwaka 1913, kaya ikiwa karibu tupu, alipata watu wa kuijaza. Kazi hiyo sasa imebaki kwa wajukuu.