Kijana wa Mguu Mmoja Aliyelichangisha Taifa Zima

Mbio za hisani zimekwisha kuwa sehemu ya maisha yetu. Mkazi wa Makongeni, mjini Thika, ambaye hajakimbia tangu aondoke shuleni, hujikuta amenunua raba na kuanza kujizoeza alfajiri kwa sababu tu amekubali kuchangia maabara ya shule au matibabu ya jirani. Wapo wanaobeza jambo hili. Huuliza kwa nini mtu asitoe fedha zake akabaki nyumbani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika maisha ya kijana wa Kanada aliyeitwa Terry Fox, ambayo walimu na wanafunzi wetu wangefaidika kuyajua.

Fox alizaliwa mjini Winnipeg tarehe 28 Julai 1958, akakulia Port Coquitlam, magharibi mwa Kanada. Moyo wake ulikuwa katika mpira wa vikapu, mchezo ambao hakuwa na kipaji chake. Mwalimu wake alimshauri akimbie mbio za nyika badala yake. Alikimbia ili kumridhisha mwalimu tu, huku akiendelea na mpira, na kwa juhudi akafika hata kuchezea Chuo Kikuu cha Simon Fraser.

Mnamo Machi 1977 aligunduliwa kuwa na saratani ya mfupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Alikuwa na umri wa miaka 18. Kabla ya upasuaji, mwalimu wake wa zamani wa mpira alimletea makala iliyomhusu Dick Traum, Mmarekani mwenye mguu wa bandia aliyekuwa amemaliza marathoni ya New York. Hapo ndipo mbegu ilipopandwa.

Mbegu hiyo ilimea wodini. Katika miezi mingi ya matibabu, Fox aliwaona wagonjwa wenzake, wakiwamo watoto, wakidhoofika na kufa. Aliambiwa pia kwamba nafasi yake ya kupona, iliyokadiriwa kuwa nusu kwa nusu, ingekuwa finyu mno miaka michache tu iliyotangulia. Tofauti hiyo ilikuwa imeletwa na utafiti. Basi alijiona mwenye deni kwa watu asiowajua, na akaamua kulilipa kwa kuivuka Kanada mbio, kutoka bahari hadi bahari, akichangisha fedha za utafiti wa saratani.

Alianza mazoezi mwaka 1979, akiwaficha jamaa zake shabaha yake halisi. Katika shindano lake la kwanza alimaliza wa mwisho. Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika Bahari ya Atlantiki huko St. John's, akaanza safari. Rafiki yake Doug Alward alimfuata kwa gari. Shabaha yake ya kila siku ilikuwa kilomita 42 hivi, yaani karibu na mwendo wa kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika. Na kesho yake huanza upya, kwa mguu mmoja wa nyama na mwingine wa chuma, kisiki kikichubuka na kuvuja damu.

Si kila mahali alipopokewa kwa vigelegele. Katika sehemu kubwa ya Quebec wachache walijua anachofanya, na madereva walimsukuma pembezoni mwa barabara. Ni alipoingia Ontario ndipo umati ulipojitokeza. Hata hivyo, alikataa kampuni zilizotaka kulitumia jina lake kutangazia bidhaa. Fedha zilikuwa za utafiti, basi.

Tarehe 1 Septemba 1980, karibu na Thunder Bay, kifua kilimbana asiweze kuendelea. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373, zaidi ya mara tano ya barabara ya kutoka Mombasa hadi Malaba. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23, na bahari ya pili hakuiona.

Je, alishindwa? Lengo lake lilikuwa dola moja kwa kila Mkanada, katika nchi ya watu milioni 24. Kufikia Februari 1981, yeye akiwa bado hai, kiasi hicho kilikuwa kimetimia. Septemba ya mwaka huo watu wapatao 300,000 walikimbia kwa jina lake, na mbio hizo zimefanywa kila mwaka tangu hapo katika nchi nyingi.

Hapa ndipo ninapomjibu yule anayebeza. Kitenzi chetu kuchanga hakiko mbali na kuchanganya: anayechanga huweka chake pamoja na cha wenzake, hata kisijulikane tena kipi ni cha nani. Harambee zetu mara nyingi zimelisahau jambo hili. Jina la mheshimiwa aliyetoa laki hutangazwa kwa kipaza sauti, na mama aliyetoa shilingi ishirini hupita kimya. Fox aliomba dola moja ya kila mtu, na jasho lake ndilo lililowashawishi kuitoa. Anayekimbia huwaonyesha jirani zake kwamba jambo hili limemgharimu, nao huona haya kupita mikono mitupu.

Thika ina Shule ya Wasioona na ile ya Joytown inayowalea watoto wenye ulemavu wa viungo. Mwalimu atakayesimulia habari za Fox darasani asiishie kwenye sifa za ushujaa. Awaulize wanafunzi mbio zijazo za shule zinachangia nini, watoto wenye ulemavu watashiriki vipi, na hesabu ya fedha itabandikwa wapi ili aliyetoa shilingi ishirini naye aisome. Shule isiyo na majibu ya maswali hayo ingefaa iyatafute kabla ya kuagiza fulana.