Louis Braille: Kijana aliyewapa vipofu kalamu

Wako watu ambao kazi zao zilibaki na majina yao yakasahauliwa, na wako wengine ambao jina na kazi vimekuwa kitu kimoja. Louis Braille ni katika hao wa pili. Maandishi ya nukta nundu, wayasomayo vipofu kwa ncha za vidole, huitwa kwa jina lake duniani kote. Hata hivyo, ni wachache kati yetu wajuao kuwa aliyabuni akiwa kijana wa miaka 15, kwamba yalipigwa marufuku katika shule yake mwenyewe, na kwamba alifariki kabla serikali ya nchi yake haijayakubali.

Maisha yake yafaa kukumbukwa katika zama hizi ambapo kitabu, gazeti na hata fomu za serikali vimeingia ndani ya simu na kompyuta. Kosa walilolifanya waliomtangulia Braille lafanywa tena mbele ya macho yetu.

MTOTO WA FUNDI WA NGOZI

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris, Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi. Siku moja mtoto huyu, umri wake miaka 3, aliingia karakanani akashika chombo chenye ncha. Yasimuliwa kuwa ulikuwa msharasi wa kutobolea ngozi. Ulimteleza ukamchoma jicho. Dawa za siku zile hazikuweza kulizuia jeraha lisioze. Maradhi yalivuka hadi jicho la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Baba alimchongea bakora ya kupapasia njia, na akapelekwa shule ya kijiji akae na wenziwe, akisikiliza na kuhifadhi. Kwa watu wa Pwani jambo hili si geni. Vyuoni mwetu wamepita vipofu waliohifadhi msahafu kwa kusikia tu, na kila asomaye sura ya Abasa humkumbuka Abdallah bin Umm Maktum, kipofu aliyekuwa mmoja wa waadhini wa Mtume (S.A.W.). Lakini kuhifadhi ni jambo moja, na kusoma na kuandika peke yako pasipo kumngoja mtu ni jambo jingine.

HERUFI ZA MACHO

Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, Louis alipelekwa Paris katika shule ya vijana vipofu iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Haüy alikuwa mtu mwema mwenye macho yake. Alikuwa amebuni vitabu ambavyo herufi za kawaida ziligandamizwa katika karatasi nzito hadi zikainuka, ili kipofu azipapase.

Kwa mwenye macho, vitabu hivyo vilikuwa ajabu ya kutazama. Kwa kipofu vilikuwa mateso. Ilimbidi aizunguke kila herufi kwa kidole mpaka aitambue, na afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeanza kumtoka. Vitabu vilikuwa vizito na vichache. Baya zaidi, mwanafunzi hakuweza kuyaandika maandishi hayo mwenyewe. Haüy alizichukua herufi za macho akaziinua juu ya karatasi. Hakuuliza kidole chenyewe chataka nini.

Mwaka 1821 shule ililetewa ubunifu wa Charles Barbier, aliyepata kuwa afisa wa mizinga. Yeye alitumia nukta zilizoinuka badala ya herufi. Fikira ilikuwa njema, lakini kila alama yake iliweza kufika nukta 12, kubwa kuliko ncha ya kidole, na iliandika sauti tu pasipo kufuata tahajia.

NUKTA SITA

Louis aliichukua fikira hiyo akaishughulikia kwa muda wa miaka mitatu. Kufikia mwaka 1824 kazi ilikuwa imekamilika katika misingi yake. Alipunguza nukta zikawa sita, safu mbili za nukta tatu tatu, kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Nukta sita hizo huweza kupangwa kwa namna 63, zikatosha herufi, tarakimu, vituo na hata noti za muziki.

Mpango wake ni mwepesi. Herufi kumi za mwanzo hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zifuatazo ni zile zile zikiongezwa nukta moja chini. Herufi W haikuwamo katika safu yake, kwani Wafaransa hawakuihitaji. Iliongezwa baadaye, na bila ya hiyo Kiswahili kisingeandikika. Kitabu cha kuyaeleza maandishi haya kilitolewa mwaka 1829. Kipofu sasa aliweza kushika kibao na kijiti chenye ncha, akatoboa karatasi, akaandika na kuyasoma maneno yake mwenyewe. Kijiti hicho ni ndugu wa ule msharasi uliompofua.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haüy na Barbier walikuwa na elimu na nia njema, lakini aliyeufungua mlango ni yule aliyekuwa amefungiwa ndani.

MARUFUKU

Louis alibaki shuleni akawa mwalimu, na pia alipiga kinanda katika makanisa ya Paris. Mwaka 1839 alitangaza njia nyingine ya kuunda herufi za kawaida kwa nukta, ili kipofu aweze kumwandikia barua mtu mwenye macho. François-Pierre Foucault, naye kipofu, akamtengenezea mashine ya kazi hiyo, zamani kabla ya mashine za taipu kuenea.

Pamoja na hayo, mkurugenzi mpya aliyeshika shule mwaka 1840 aliyakataza maandishi ya nukta. Hoja ilikuwa kwamba vipofu wasiwe na maandishi yao mbali na ya watu wengine. Wanafunzi hawakukubali, waliendelea kuandikiana kwa siri. Mwaka 1844, katika sherehe ya kulifungua jengo jipya, nukta zilionyeshwa hadharani na zikarudishiwa heshima.

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimeshamdhoofisha Louis. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854. Miaka mia baada ya kifo chake, mwaka 1952, mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa taifa hilo, ila mifupa ya mikono yake iliachwa kijijini kwake.

KUTOKA PARIS HADI KALEMNG'OROK

Nukta hizo zilivuka bahari. Mwaka 1951, katika mkutano uliofanywa Beirut chini ya UNESCO, ziliafikiwa nukta za Kiarabu zilizo sawa kwa nchi mbalimbali. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Kiarabu cha nukta husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na alifu yake ndiyo A ya Braille. Misahafu ya nukta ipo, nayo hujaa majuzuu makubwa kadhaa. Nchini Kenya, shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka 1946, na watu wa Mombasa wanaijua ile ya Likoni, ng'ambo ya kivuko.

Lakini kitabu cha nukta kina uzito wake. Kitabu kimoja cha darasani huzaa majuzuu mengi ya karatasi nene. Sasa mfikirie mwanafunzi kipofu wa Kalemng'orok, kituo kilichoko kandokando ya barabara kuu ya Kitale kwenda Lodwar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa. Turkana ni nchi ambayo ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, uenezwao kwa mikono, vitambaa na nzi mahali penye uhaba wa maji, umewapofua watu kwa miaka mingi. Mbele zaidi ni Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Shehena ya vitabu vya nukta kufika huko si jambo jepesi.

Hapo ndipo kompyuta inapomfaa kipofu. Nukta ama imeinuka ama haikuinuka, na kompyuta nayo huhesabu kwa namna hiyo hiyo ya ndiyo na siyo. Kifaa kama Orbit Reader 20, ambacho kimetumika katika shule za wasioona nchini Kenya, kina vipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, na kadi yake ndogo hubeba maktaba nzima. Mwaka 2006 vijana wawili vipofu wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza kuitengeneza NVDA, programu ya bure iisomayo skrini kwa sauti. Mara nyingine tena waliokilalia kitanda ndio waliowajua kunguni wake.

Ila vyombo hivi haviwezi kusoma kisichoandikwa. Mtu apigapo picha ukurasa wa kitabu na kuutuma kama picha tupu, mwenye macho husoma, lakini programu hiyo huweza kunyamaza. Hizo ndizo herufi za Haüy zilizorudi katika vazi jipya. Kadhalika picha isiyo na maelezo, vichwa vya habari visivyotiwa alama, na Kiswahili kisichotambulishwa kuwa ni Kiswahili, kikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Kiziwi naye huikosa video isiyo na maandishi wala lugha ya ishara.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali iendeleze matumizi ya nukta nundu na lugha ya ishara. Mkataba uliofikiwa Marrakesh, nchini Moroko, mwaka 2013, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2017, unaruhusu vitabu kugeuzwa viweze kusomwa na wasioona na kuvushwa mipaka pasipo kuomba ruhusa ya wenye haki ya kunakili.

Kilichobaki ni kazi ya mezani kwa mchapishaji, mwalimu na karani: kuandika maandishi halisi badala ya picha, kuieleza picha kwa maneno, kuvipanga vichwa kwa utaratibu, na kumpa asiyeona aijaribu kazi kabla haijatolewa. Faili lililotengenezwa hivyo halihitaji lori la kulipeleka Kalemng'orok. Likitengenezwa ovyo, hata likifika, mwanafunzi yule atarudi palepale alipokuwa Louis kabla ya nukta: kumngoja mtu aje amsomee.